Salamu za Saa Nane Mchana

Shangazi yangu alipewa kitufe cha kuombea msaada, yeye akakifanya cha kusalimia watu. Ndiyo chanzo cha yote. Kitufe chenyewe kilikuwa chekundu, kinavaliwa shingoni kwa kamba. Ukikibonyeza, kisanduku kilichokaa kando ya simu kinapiga chenyewe kwenye kituo fulani, na mara anatokea mwanamke kwenye spika anauliza una shida gani. Kaunsili, yaani halmashauri ya mtaa, iliwafungia wazee wanaoishi peke yao. Wazee wengine walikibonyeza wakianguka. Shangazi alikibonyeza kila siku saa nane mchana, akishaswali adhuhuri na kula, kumuuliza yule mwanamke ameshindaje.

Mimi sikujua. Na mimi ndiye niliyekuwa nikilipwa kuandika programu za visanduku hivyo.

Haya, nianze vizuri, maana hadithi hii nimeisimulia mara nyingi nikiwa hoi na kila mara naruka kitu. Nilifika London miaka ya tisini kusoma mambo ya umeme, nikabaki. Shangazi, aliyenilea Tanga tangu sijui kufunga kamba za viatu, akaja baadaye kunisaidia kulea. Watoto walipokua wakaanza kumjibu Kiingereza, naye akasema nyumba yangu imejaa makelele asiyoyaelewa, atafutiwe yake. Akapata flati Tottenham, ghorofa ya sita, lifti siku inafanya kazi siku haifanyi. Ungemwona na funguo zake mkononi ungedhani kapewa Ikulu. Sebule ndogo, jiko dogo, dirisha linaangalia madirisha ya wenzake. "Hapa," akaniambia, "nikitoka nitatoka nimebebwa."

Mwaka mmoja akateleza bafuni, akakaa chini mpaka jirani alipomsikia akigonga bomba. Hakuvunjika kitu. Lakini afisa wa kaunsili alikuja na karatasi zake, mtu mpole, sauti ya chini, akasema maneno yasiyo na upole wowote. Atafungiwa kisanduku. Akianguka tena na asipatikane mapema, basi hawezi kuendelea kukaa peke yake, atatafutiwa nafasi kwenye nyumba ya wazee. Nilipomtafsiria, Shangazi alimkata jicho afisa wa watu, kisha akanyoosha shingo avishwe kitufe.

Kazi yangu ilikuwa Stratford, juu ya karakana nyuma ya reli. Chumba kimoja kirefu, baridi, kinanuka risasi ya kuchomelea na maziwa yaliyochacha kwenye friji ambalo kila mtu alisema si zamu yake. Wakati ule nilikuwa nachoka uchovu ambao kulala hakuutoi. Naamka nimechoka, napanda basi nimechoka, nakaa mbele ya kompyuta nasoma mistari niliyoiandika mwenyewe jana na siitambui. Aliyenifanya nicheke alikuwa mwenzangu mmoja, Mhindi wa Tooting aliyezaliwa na kukulia Mwanza. Alikuwa na Kiswahili chake safi cha kanda ya Ziwa, na kwenye droo hakukosa chevda ya kutafuna aliyokaangiwa na mkewe. Mimi nilimwita Kaka, yeye ananiita Dada, na bosi wetu akitukuta tunaongea alijua anasengenywa. Mara nyingi alikuwa anasengenywa kweli.

Sasa basi. Mwanzoni mwa miaka ya elfu mbili kampuni iliamua visanduku vyote viwekewe programu mpya kupitia laini ya simu, bila fundi kwenda nyumba kwa nyumba. Kaka ndiye aliyeandika sehemu ya kubadilisha programu, mimi nikapewa kuijaribu. Ndani ya kisanduku mna chipu, na chipu ina kumbukumbu mbili. Moja kubwa, hiyo inashika programu hata umeme ukikatika. Nyingine ndogo mno, ya kushikia mambo ya dakika hii tu. Chipu husoma maagizo yake kutoka ile kubwa, agizo baada ya agizo, haipumziki. Ukitaka kuweka programu mpya, ile kubwa lazima ifutwe kwanza, na ikiwa inafutwa haisomeki. Anayeifuta nani? Chipu hiyohiyo. Ni kama kupiga deki chumba huku umesimama humohumo ndani. Lazima uweke kigoda, upande, udeki ukiwa juu, wala usishuke mpaka sakafu ikauke. Kigoda chetu ilikuwa ile kumbukumbu ndogo. Tunanakili humo kijiprogramu cha kufutia, chipu inahamia huko kwa muda, kazi ikiisha inarudi kwake.

Taabu ni hodi. Saa ya ndani inagonga, laini ya simu inagonga, kitufe kinagonga, na kila kinachogonga chipu inaacha ilichoshika inakwenda kukipokea. Wenzangu kazini walikuwa na jina lao la Kiingereza. Mimi kichwani niliita hodi, kwa sababu ndivyo ilivyo. Na maagizo ya kupokea hodi yamehifadhiwa wapi? Kwenye kumbukumbu kubwa, ile inayofutwa. Kwa hiyo hodi ikigonga katikati ya kufuta, chipu inashuka kigodani inakanyaga pasipo na sakafu. Hapo imekwisha. Inaganda. Taa ya kijani inabaki inawaka kama kawaida, laini ya simu inabaki imeshikwa, lakini ndani hamna mtu.

Dawa yake kila mtu wa kazi hii anaijua: kabla ya kufuta, funga hodi zote. Tulizifunga zote, ikabaki moja. Bosi alikataa kitufe kifungwe hata kwa dakika moja, kwa sababu watu wake wa mauzo walikuwa wameziahidi kaunsili kwamba kitufe hakilali. Basi, nikasema, tuhamishie maagizo ya kitufe kwenye kumbukumbu ndogo. Hayakuenea. Kupiga simu, kuunganisha spika, kujitambulisha kituoni, yote hayo ni mengi, na visanduku vya zamani kumbukumbu yake ndogo ilikuwa ndogo kweli. "Nimeibana, Dada," Kaka akaniambia, "nimeibana mpaka imelia."

Bosi akaja na akili yake. Kitufe kiachwe wazi, na programu zibadilishwe saa ambayo wazee hawabonyezi. Usiku wanaanguka wakienda chooni, asubuhi wanaanguka wakiamka, jioni wanaanguka wakipika. Saa nane mchana wamekula, wamelala kwenye makochi mbele ya televisheni. Hesabu zake zilimuunga mkono, maana kituo kilihesabu simu za kuomba msaada tu. Mtu aliyebonyeza na kusema hana shida aliandikwa kuwa anajaribu kifaa, akaachwa nje.

Nilisema hapana. Nilisema kikaoni, nikasema kwenye ngazi, nikamfuata mpaka kwenye birika la chai. Nilikwisha kukijaribu kisanduku mezani mwenyewe, nimebonyeza wakati kinafuta, na mara kadhaa kimeganda mbele ya macho yangu. Bosi alinisikiliza, kikombe mkononi, akasema, "Sawa, nipe njia nyingine." Sikuwa nayo. Mlango ama ufungwe ama uwe wazi, na sote tuliamini hakuna cha tatu. Nilirudi kwenye kiti changu nina hasira mpaka masikio yanawaka.

Siku ikafika, saa nane ikafika, visanduku vikaanza kubadilishwa. Vingi vilirudi vikaripoti kwamba ni vizima. Vichache havikurudi. Sisi tuliona namba zake tu, majina yalikuwa kwa kaunsili, na mafundi wakaambiwa watavipitia kwa zamu. Jioni nikampigia Shangazi, simu inatumika. Kesho yake nikapiga, inatumika. Nikajisemea kapata kadi ya simu ya bei nafuu, anaongea na shoga zake wa Tanga, heri yake mwenye nguvu za kuongea. Siku ya tatu ndipo nikakumbuka kwamba kisanduku kilichoganda hushika laini ya simu. Sikungoja kazi iishe. Nilitoka mbio na koti mkononi.

Nikamkuta mzima, kakaa kwenye kiti chake, amenuna.

"Shikamoo Shangazi."

"Marahaba." Hakuniangalia. Kitufe kilikuwa kimetundikwa msumarini, juu ya kalenda ya msikiti.

"Mbona umekivua?"

"Nikivalie nini? Wameninunia."

"Nani wamekununia?"

"Wale wa kisanduku. Yule mwenzangu." Ndipo akanieleza, kama mtu anayeeleza jambo ambalo kila mwenye akili angelijua. Mwanzoni waliambiwa wabonyeze mara moja kwa mwezi, kuona kama kifaa kinafanya kazi. Akabonyeza, akajibiwa vizuri, akaona aibu. Yaani kuna mtu yumo humo ndani mwake usiku na mchana, tayari kumwokoa, halafu amsemeshe mara moja kwa mwezi? Akaanza kumwamkia kila siku. Mara nyingi alikuwa mwanamke yuleyule, mwenye mama mgonjwa na paka. Shangazi alimuuliza habari za mama, akamuuliza za paka, kwa Kiingereza chake cha televisheni, kisha akamtakia kazi njema. "Juzi nambonyezea, kimya. Nikarudia, kimya. Jana vilevile. Sijui nimemkosea nini. Labda ni yule paka, nilisema ni mnene."

Jamani. Nilikaa chini kwenye zulia. Taa ya kisanduku ilikuwa inawaka kijani, nzuri, tulivu. Nikachomoa waya, na simu iliyokuwa imekufa ikaanza kunguruma tena sikioni mwangu.

Nikamweleza. Nilimweleza kigoda, deki, hodi, vyote, kwa Kiswahili chepesi. Nikamwambia hakununiwa na mtu, kimeganda tu.

"Kikagande saa ileile ninayomsalimia?"

"Ndiyo, Shangazi."

"Unamtetea kwa kuwa ni wa kazini kwako."

"Simjui hata jina!"

"Haya," akasema, ile haya yake ya kufunga mazungumzo, akaenda kunipakulia wali.

Nilimletea kisanduku kingine, kizima, nimekijaribu mwenyewe. Akakivaa kitufe ili mimi ninyamaze. Saa nane ikifika hakubonyeza tena. Kusema kweli, nilishukuru. Nilikuwa nimechoka, na kitu kimoja kimepungua cha kukiwazia. Kazini bosi alisema vilivyoganda ni vichache, toleo lijalo tutaona. Nilimwambia kimojawapo kilikuwa cha Shangazi yangu. Akasema pole, na nadhani alimaanisha, lakini toleo lijalo likabaki lijalo.

Baridi ikaingia. Siku moja nilipitia Tottenham jioni na mihogo niliyonunua sokoni, nikagonga, hakuna jibu. Nikafungua kwa ufunguo wangu. Alikuwa sakafuni, kati ya jiko na sebule, ubavu mmoja, kanga imempanda magotini. Chai ya asubuhi ilikuwa imemwagika na kukauka kando yake. Toka asubuhi, Mungu wangu. Macho yake yalikuwa wazi. Na kitufe kilikuwa kifuani pake, karibu kabisa na vidole vyake.

"Shangazi! Mbona hukubonyeza?"

Midomo ilikuwa imemkauka. "Nimbonyezee nani? Salamu tu kaninyima, nikamwombe aninyanyue?"

Sijawahi kumkasirikia mtu mzima namna ile. Nilimfunika blanketi huku nikimfokea, nikapiga simu huku nikimfokea, kisha nikalia kama mtoto na nikaendelea kumfokea nikilia. Yeye ananiangalia tu. Walipokuja wa gari la wagonjwa, wao aliwasalimia wote mmoja mmoja.

Nyonga haikuvunjika, ilipata ufa, na mkono mmoja uliteguka. Alilazwa. Afisa wa kaunsili akaja wodini na sauti yake ya chini. Tulikubaliana, alisema. Alikuwa na kitufe, hakukitumia, kwa hiyo kitufe hakimsaidii. Kuna nafasi kwenye nyumba ya wazee, ni pasafi, wanaangaliwa. Nilimwomba muda. Akanipa, kidogo, mpaka Shangazi aweze kutembea, na iwapo Shangazi mwenyewe atahakikisha kwamba atakuwa anabonyeza. Shangazi alipoulizwa kama atabonyeza, aligeukia ukutani.

Alasiri moja nilikuwa nimekaa kando ya kitanda chake, nje mvua, namlisha uji wa hospitali usio na chumvi wala sukari. Nikaanza tena: hakukununia, ni programu, ni hodi.

"Hebu nyamaza kwanza," akasema. "Hodi, hodi. Wewe ukiwa unaoga, mtu akapiga hodi, unafanyaje?"

"Sifungui."

"Unakaa kimya? Mgeni anagonga, anakusikia umo ndani unamwaga maji, nawe kimya?"

"Sikai kimya. Namwambia asubiri."

"Ehe." Akafungua mdomo nimpe kijiko kingine, akameza. "Angesema tu, ngoja. Mimi ningengoja."

Nilikiweka kijiko bakulini. Kisha nikambusu kwenye paji la uso, akanisukuma kwa ule mkono mzima, akauliza nimepagawa.

Kwenye treni kurudi nilichora nyuma ya bahasha. Miezi tumebishana mlango ufungwe au uachwe wazi, na watu wote wazima wa Tanga na Mwanza tunajua unamwitikia mgeni ukiwa ndani. Kitufe kikigonga wakati wa kufuta, chipu isiende kumpokea mtu. Isimpigie mtu simu, isiguse kabisa ile kumbukumbu kubwa. Ifanye mambo mawili tu, na yote mawili yakae kwenye kumbukumbu ndogo: iweke alama kwamba kuna mtu kagonga, halafu ilie mara mbili, pi, pi. Sakafu ikishakauka, kabla ya lolote, iangalie ile alama. Ikiwepo, ipige simu kituoni yenyewe.

Asubuhi nikamwekea Kaka bahasha juu ya chevda yake. Alisoma akitafuna. Akaacha kutafuna.

"Inaingia hii, Dada. Inaingia na nafasi inabaki." Akaangalia dirishani, kwenye reli. "Tumekuwa wapi siku zote?"

"Tumechoka," nikamjibu.

Bosi hakubisha. Tulikaa na kazi ile mpaka nikaota milio miwili usingizini. Nilibonyeza vitufe vya majaribio kila dakika ya kufuta, mwanzoni, katikati, mwishoni, viwili viwili, na hakuna kilichoganda.

Lakini chipu si Shangazi. Alirudi nyumbani na fimbo ya chuma ya kutembelea, kwa majaribio, afisa akisema atakuja kuangalia. Nilimweleza kwamba programu mpya ikishaingia, kikiwa na shughuli kitalia mara mbili, ndiyo kumwambia ngoja. "Tutaona," akasema. Kitufe shingoni, mikono mapajani. Siku mbili, tatu, habonyezi. Basi siku moja, saa nane, nikiwa kwake, sikumwomba ruhusa. Nikakishika kitufe palepale kifuani pake nikakibonyeza mwenyewe.

Kikapiga. Yule mwanamke akatokea, akaona namba ya nyumba, akaanza kabla sijasema neno. "Ni wewe mama? Kumbe upo! Ulinyamaza ghafla, nikadhani umefariki. Sisi haturuhusiwi kupiga kuuliza."

Nilimtafsiria Shangazi, ingawa najua alielewa. Alikuwa ameshanyoosha mkono akapunguza redio.

"Mwambie nipo," akasema. Kisha akaniondoa mkono kwenye kitufe. "Muulize mama yake anaendeleaje. Hapana, acha, namuuliza mwenyewe."

Saa nane zikarudi. Afisa alikuja, akakuta mtu anabonyeza kuliko wazee wake wote, akaandika kitu akaondoka. Majira ya kuchipua programu mpya ya Kaka na mimi ikatumwa, saa nane ileile. Safari hii nilikuwa naijua namba ya kisanduku cha Tottenham, nikakaa nayo mbele ya macho. Kikaanza kufuta. Kikafuta, kikaandika, kikarudi. Na kilirudi na alama: mtu kagonga.

Nilicheka peke yangu mbele ya kompyuta. Salamu za saa nane hizo. Kagonga, kaambiwa ngoja, kangoja, sasa hivi anaulizia paka. Nikamwonyesha Kaka ile alama, akanipigia saluti na mkono umejaa chevda. Nikaenda kuchemsha chai, na kwa mara ya kwanza kwa muda mrefu mabega yangu yalishuka.

Chai haijaiva, simu ikalia. Ilikuwa kituo, mwanamke yuleyule. Jina langu lilikuwa pale kama ndugu wa karibu. Akasema nisishtuke, gari la wagonjwa liko njiani na jirani mwenye ufunguo keshaingia, mama anaongea vizuri. Alikuwa ameanguka akiinuka kwenye msala wake wa kuswalia.

"Kwa nini hamkunipigia mapema?" Nilikuwa napiga kelele.

Alisema hata yeye hakujua mapema. Kisanduku kilipiga, akapokea, akasikia sauti ya kawaida kabisa ikimuuliza mchana wake unaendaje. Akajibu vizuri. Ikamuuliza mama yake, akasema ana nafuu kidogo. Ikamuuliza paka. Akajibu. Kisha na yeye, kwa kuwa ndivyo alivyozoeshwa, akauliza, "Na wewe mama, hujambo?"

"Mimi mzima," Shangazi akamjibu, "ila niko sakafuni."

Nilifika Tottenham walipokuwa wanamfunga mkanda kwenye kitanda cha magurudumu. Hakuvunjika kitu, ni goti tu limevimba, na usiku uleule walimrudisha kwake. Afisa hakutaja tena nyumba ya wazee, na Shangazi alikaa kwenye flati ile mpaka alipotoka amebebwa, kama alivyosema. Lakini pale mlangoni sikuwa najua hayo. Nikaushika mkono wake, nikamuuliza kwa nini hakusema mara moja kwamba kaanguka.

Akanitazama kama nimemtukania mzazi.

"Nimegonga, kaniambia ningoje. Nimengoja. Kaja. Halafu nimrukie na shida zangu, kama sina kwetu?"